Amri ya Kuvua Barakoa

Kazi ya Sanae Kuroiwa ilikuwa kukataa. Fundi akitaka kujikuna pua ndani ya chumba cha mabomba, anakataa. Akitaka kulegeza glovu kwa sababu vidole vimelowa jasho, anakataa. Akiomba aongezewe muda kidogo amalizie kukata kipande kilichobaki, Sanae anatazama namba za kipimo cha mionzi ambacho fundi huyo amekifunga kifuani, namba zinazomfikia palepale alipokaa nje mbele ya skrini, na anakataa. Mafundi walimwita Bi Hapana. Alijua, wala hakuchukia.

Mtambo wenyewe ulikuwa umezimwa kitambo, na sasa ulikuwa unavunjwa. Nyumba ya kawaida huvunjwa kwa nyundo na tingatinga, mambo yakaisha. Mtambo wa nyuklia huvunjwa kama daktari anavyopasua mgonjwa. Kila kipande kilikatwa, kikapimwa, kikafutwa, kikafungwa na kutiwa ndani ya pipa la chuma, na mapipa yalipangwa ghalani yakisubiri, kwa maana hakuna mji hata mmoja katika Japani nzima uliokwisha kusema, haya, leteni kwetu.

Mabomba ya chumba kile ndiyo yaliyomnyima Sanae raha. Enzi za uhai wa mtambo, fueli ilipata kuvuja kidogo humo ndani, kwa hiyo kutu yake haikuwa kutu ya kawaida. Ukiigusa ukiwa umevaa glovu, haina neno. Lakini vumbi lake ukilivuta kifuani linakaa hukohuko, linachoma polepole miaka na miaka, na mwenyewe husikii kitu. Ndiyo maana juu ya sheria zote palikuwa na moja isiyojadiliwa: barakoa haivuliwi mpaka umevuka mlango wa tatu. Sanae ndiye aliyekuwa akiwafundisha wageni sheria hiyo, na alikuwa akiirudia mpaka wanachoka.

Asubuhi ile ya Agosti joto lilianza kabla watu hawajamaliza kifungua kinywa, na nyenze walikuwa wakilia mtini kama wanaokaangwa. Katika chumba cha kubadilishia nguo, Tetsuo Gunji alikaa benchini na kikombe cha chai baridi ya shayiri mkononi bila kuinywa. Alikuwa mkataji wa chuma hodari, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, mwembamba kama ufito, mwenye mdomo usiotulia. Siku hiyo mdomo ulikuwa umetulia.

"Mzee Gunji, mbona rangi imekutoka?" Sanae alimuuliza.

"Jana nilikula samaki wa shemeji yangu," Gunji alisema. "Yule bwana hajawahi kunipenda."

Wenzake wakacheka. Sanae hakucheka. "Nenda kamwone daktari kwanza."

"Aa, Bi Hapana! Leo unizuie kwa ajili ya samaki, kesho utanizuia kwa sababu nimeota ndoto mbaya. Nipime. Nikiwa na homa narudi kulala, mke wangu atafurahi, nitamsaidia kubeba ndoo."

Alimpima. Homa hakuwa nayo, wala shinikizo la damu halikuwa baya. Akamruhusu. Gunji akavaa fulana yenye mifuko ya barafu, akavaa ovaroli nyeupe juu yake, glovu jozi juu ya jozi, na mwishoni barakoa ya uso mzima, ile yenye kioo mbele na vichujio mashavuni. Mwenzake wa kazi, Hatano, alimzungushia utepe vifundoni mwa mikono na shingoni. Hatano alikuwa jitu la watu, alipata kucheza mieleka ya sumo shuleni, na alisema maneno machache kwa siku nzima kuliko aliyosema Gunji akivaa viatu.

Wakaingia. Sanae akakaa mbele ya skrini, akavaa visikilizio masikioni.

Kwa muda kazi ilikwenda vizuri. Msumeno ulilia, cheche zikaruka ndani ya hema la plastiki walilokuwa wamelizungushia bomba, na mashine ya kunyonya vumbi ikawa inanguruma. Kisha bomba likakatika. Hatano akakishika kipande ili kisianguke, na hema likachanika pembeni. Sanae aliona vumbi la rangi ya kahawia likitoka kama moshi wa jiko bovu. Namba za hewa ya chumba zikapanda.

"Tokeni," alisema kwenye redio. "Acheni kila kitu, tokeni taratibu."

Hatano akaweka kipande chini. Gunji hakusogea. Alikuwa amesimama ameshika ukuta, kichwa amekiinamisha, mabega yakipanda na kushuka.

"Mzee Gunji, umenisikia?"

Gunji akakaa chini kama mtoto, kisha akalala ubavu. Mwili wote ukamruka mara moja, na kioo cha barakoa yake kikageuka rangi.

"Anatapika!" Hatano alipiga kelele. "Dada, anatapika humo ndani! Imejaa mpaka puani!"

"Mgeuze uso chini!"

"Nimemgeuza! Haitoki, haina pa kutokea! Anakabwa, dada, ananishika mkono!"

Kutoka pale walipokuwa hadi mlango wa tatu palikuwa na ngazi ya chuma ya kupanda na korido nyembamba ambayo watu walipita ubavuubavu. Hata Hatano na misuli yake asingeweza kumpandisha mtu anayerusha miguu kwa haraka ya kumwokoa. Waokoaji walikuwa wameanza kuvaa, na kuvaa nguo zile hakuna haraka.

Mlango wa nyuma ya Sanae ukafunguliwa. Bosi wao, Ogata, aliingia mbio, tai imemkaa begani. Alitazama skrini mara moja tu.

"Wamtoe kwanza," alisema. "Barakoa isiguswe. Umeona namba za hewa? Isiguswe, Kuroiwa."

Sanae aliziona zile namba vizuri kuliko yeye. Katika visikilizio alisikia sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwa binadamu, kama maji yanayovutwa na bomba lililoziba. Aliwaza vumbi lile na mahali linapokwenda, na kwamba likishakwenda halirudi. Aliwaza pia kwamba mtu asiyepumua hana haja na mapafu yake. Akabonyeza kitufe cha redio.

"Hatano. Mvue barakoa."

"Umesemaje?"

"Mvue. Sasa hivi. Ni mimi nimesema."

Kwenye skrini lile jitu lilisita, maana ni Sanae huyuhuyu aliyemfundisha. Kisha akaupasua utepe, akavuta mikanda, barakoa ikatoka. Akamtia Gunji vidole kinywani, akamkomba, akampiga mgongoni kwa kiganja. Mara ya kwanza bure. Mara ya pili bure. Ndipo Gunji akavuta pumzi.

Ilikuwa pumzi ndefu, ya kukwaruza, pumzi ya mtu aliyetolewa kisimani. Sanae aliisikia yote kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kila sehemu yake alijua inakwenda na nini.

"Kitambaa!" alisema. "Kile cha kufutia, safi, kiloweshe, mfunike pua na mdomo. Usimwache."

Ogata alivuta kiti akakaa, akajifuta uso kwa ile tai.

*

Walimtoa, wakamkata nguo, wakamwosha na kumwosha tena. Kipimo walichompitisha ngozini kilinyamaza. Kisha Sanae akachukua kijiti chenye pamba, akamfuta puani, akakiweka chini ya kipimo, na kipimo kikaanza kulia. Gunji alikuwa macho. Alikitazama kijiti, akamtazama Sanae.

"Hiyo yangu?" aliuliza, sauti imekauka.

"Ndiyo, mzee."

Akageuza uso ukutani.

Usiku ule alipelekwa mjini, katika hospitali yenye chumba cha chuma kizito ambamo mtu hulazwa peke yake na mashine husikiliza kifua chake kinatoa nini. Walimtundikia dripu ya dawa ya kufukuza metali mwilini. Walimwambia akusanye mkojo wake na choo chake kwenye vyombo, kila siku, kwa sababu kinachotoka ndicho kinachoeleza kilichobaki. Majibu yangechukua wiki kadhaa.

Sanae aliendelea kwenda kazini ingawa kazi ya mabomba ilikuwa imesimamishwa. Alihojiwa na watu wa usalama, kisha na wakaguzi kutoka Tokyo. Walikuwa na adabu, waliinama kabla ya kuuliza na baada ya kujibiwa, na swali lao lilikuwa lilelile kwa nguo tofauti: nani aliamuru? Alijibu kila mara, "Ni mimi." Nyumbani alipika wali akasahau kuula. Alilala akasikia ile pumzi. Aliamka akapiga hesabu ya mionzi kichwani, hewa ilikuwa na kiasi gani, mtu aliyekabwa huvuta hewa kiasi gani, akapata jibu la kutisha. Akapiga tena kwa namna nyingine, akapata jibu la nafuu. Akashindwa kuamini lolote kati ya hayo mawili.

Jioni moja Hatano alimjia mlangoni na tikiti maji kwapani. Alikataa kuingia. Alisimama palepale kwenye kibaraza cha kuvulia viatu.

"Dada, nimefikiri. Nitawaambia redio ilikuwa na kelele. Kwamba sikusikia chochote, nilimvua kwa akili yangu."

"Kwa nini useme hivyo?"

"Mimi nikifukuzwa nitabeba mizigo bandarini. Wewe utabeba nini?" Akaangalia mikono yake. "Na ni mikono hii iliyovua."

"Mikono hiyo ilisita," Sanae alimwambia. "Nilikuona. Ungeachwa ungengoja. Kwa hiyo usiniibie uamuzi wangu."

Hatano alitabasamu kidogo, halafu uso ukamharibikia. "Nikilala naona kioo kile, dada. Macho yake yalikuwa yananitazama kupitia yale matapishi."

Tikiti lilikuwa kubwa mno kwa mtu anayeishi peke yake. Wakalipasua palepale mlangoni wakala wamesimama, mbegu wakizitema mkononi.

*

Mke wa Gunji, Fusae, alikuwa na duka la tofu, ile jibini laini ya maharage ya soya, karibu na stesheni. Watu wa mtaa walizoea kupanga foleni pale alfajiri na bakuli zao. Habari za Gunji zilipoenea, foleni ilianza kukatika. Hakuna aliyesema neno baya. Mmoja alisema siku hizi mumewe hapendi tofu. Mwingine alisema amepata friji mpya, ananunua za supamaketi na kuziweka. Sanae alisikia hayo kwa mama anayeuza mboga. Siku ile Gunji aliporuhusiwa kurudi nyumbani kungojea majibu, Sanae alikwenda dukani.

Beseni la maji lilikuwa limejaa tofu, nyeupe, zimekaa safu bila kuguswa, na saa za asubuhi zilikuwa zimekwisha. Fusae alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono myekundu kwa maji baridi. Alimtambua.

"Bi Kuroiwa, siyo?"

"Ndiyo, mama. Nimekuja kununua tofu. Na kumjulia hali mzee."

"Wewe ndiye uliyesema avuliwe."

"Ni mimi."

Fusae alichukua kisu, akakata kipande cha tofu ndani ya maji, polepole. "Hospitalini waliniambia ungechelewa kidogo angekufa. Majirani wananiambia heri angekufa mara moja. Sasa wewe niambie. Nikushukuru, au nikufukuze?"

"Sijui, mama," Sanae alisema. "Majibu hayajatoka. Hata yakitoka..."

"Hata yakitoka, nini? Malizia!" Sauti ilikuwa ya Gunji, nyuma ya pazia. Akalisogeza na kutokea, amevaa yukata, joho jepesi la kulalia, mashavu yameingia ndani. "Miaka yote umetwambia barakoa, barakoa, barakoa. Nikipiga chafya unanifokea. Siku yenyewe ilipofika ukaitupa wewe! Mimi kifua changu nimekitunza tangu ujana, sivuti hata sigara! Sasa nikikohoa mke wangu anaacha kazi kunitazama. Nikikohoa mara mbili anakwenda jikoni kulia, anadhani simsikii."

"Mwache," Fusae alisema.

"Simwachi. Nataka anijibu. Bi Hapana, umeniwekea nini humu?" Akajipiga kifua.

Sanae aliinama mpaka nywele zikamfunika uso, kisha akainuka. Alikuwa amejiandalia maneno mengine njiani. Hakuyakumbuka.

"Mzee, nimekuwekea kitu ambacho siwezi kukitoa. Kiasi gani, bado sijui. Nikijua nitakuja kukwambia mimi mwenyewe, kama kilivyo, bila kukipaka sukari. Lakini nilikusikia ukikata roho. Ningerudishwa pale leo, ningesema vilevile."

Gunji alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, akashika kichwa, na mabega yakaanza kumtetemeka. Fusae aliweka kisu chini, akaenda akasimama karibu naye, tumbo lake likigusa nywele za mumewe. Sanae hakujua atazame wapi. Akatazama tofu.

"Nipe kumi," alisema.

"Mtu mmoja anakula tofu kumi?" Fusae aliuliza kwa ukali, huku machozi yanamtoka.

"Nitazipeleka kazini."

Alizipeleka kweli. Aliziweka mezani kwenye chumba cha kulia, na tangawizi iliyokwanguliwa na mchuzi wa soya, akaanza kula ya kwanza mbele ya watu wote. Hatano akala mbili. Kesho yake asubuhi mafundi walipita dukani wenyewe, mmojammoja, na sare zao za kazi, na watu wa mtaa waliona.

*

Majibu yalitoka majani ya miti yakianza kugeuka. Ogata ndiye aliyemwita Sanae ofisini na kumsomea, na alisoma vibaya, akiruka mistari. Kilichoingia kifuani mwa Gunji kilikuwa kimepita kiwango anachoruhusiwa mfanyakazi kwa mwaka. Hakikufika pale ambapo madaktari huanza kuogopa. Dawa ilitoa sehemu, iliyobaki ingebaki. Mtu kama huyo anaweza kuishi mpaka azeeke, akafa kwa jambo lingine kabisa. Anaweza pia asiwe hivyo, na siku hiyo hakuna atakayeweza kuapa kama ni vumbi lile au siyo.

"Kwa umri wake hatoingia tena," Ogata alisema. "Kabla muda wake wa kuzuiwa kuingia haujaisha, atakuwa amestaafu."

"Na mimi?"

Ogata alivua miwani. Wakaguzi, alisema, walikuwa wameketi siku nzima juu ya jambo moja: kwa nini kanuni haikuwa na neno lolote kuhusu mtu asiyeweza kupumua. Sasa itakuwa nalo. Kuhusu Sanae, wameandika kwamba alivunja kanuni iliyokuwepo, naye atapewa onyo, hafukuzwi. Kisha akasema taratibu, "Siku ile nilisema isiguswe. Nimewaambia hilo pia. Wasidhani tulikuwa na kauli moja."

Sanae alikwenda dukani siku hiyohiyo. Alimweleza Gunji kila kitu akiwa amekaa naye kwenye mkeka wa nyuma ya duka. Hakuruka mstari. Gunji aliuliza maswali machache, mengine mara mbili. Fusae alikuwa akikoroga sufuria la maziwa ya soya, mgongo amewapa, lakini mwiko ulikuwa umesimama.

"Kwa hiyo sitajua," Gunji alisema mwishoni.

"Hutajua, mzee. Hata mimi sitajua."

"Bora ungenidanganya."

"Ulitaka?"

Alifikiri. "Hapana," alisema, na walipotazamana kwa sababu ya neno lile, hakuna aliyecheka.

Gunji akaanza kazi ya dukani. Alikuwa mwanagenzi mbaya. Alivunja tofu, aliunguza soya, aliwapigia wateja soga mpaka foleni ikawa ndefu kwa sababu yake. Wateja wengi walirudi, si wote. Kazi ya mabomba ilianza upya na hema nene zaidi, na Sanae alirudi mbele ya skrini. Kila fundi aliyeingia alimpima, na aliyesema amekula samaki mbovu alimrudisha nyumbani.

Januari, theluji ikiwa imefika madirishani, simu yake ililia mapema asubuhi. Alikuwa Fusae. Gunji alikuwa anakohoa tangu jana, kifua kinabana, homa imepanda, na kijana wa teksi amesema barabara haipitiki.

"Nakuja," Sanae alisema.

Gari lake lilikuwa na minyororo ya theluji magurudumuni. Aliendesha akiwa amekaza meno, na barabarani hakukuwa na kitu ila nguzo nyekundu zinazoonyesha ukingo ulipo. Gunji alikaa kiti cha nyuma ndani ya blanketi, kichwa begani mwa Fusae. Gunji alipokohoa, Sanae aliona vidole vyake mwenyewe vikibana usukani, akaviambia vilegee, vikakataa.

Zahanati ilikuwa na watu wengi, nusu yao watoto wanaolia. Walingoja. Daktari alimpiga picha ya kifua, akamwingizia kijiti puani, na Sanae, aliyekuwa amesimama mlangoni, ikabidi aende koridoni kwa sababu hakuweza kukitazama kile kijiti. Alisimama karibu na mashine ya kuuza vinywaji, akasoma majina ya vinywaji vyote kutoka juu hadi chini.

Fusae alimfuata huko. Uso wake ulikuwa umelegea kabisa, kama mtu aliyetua mzigo akasahau kunyoosha mgongo.

"Mafua," alisema. "Mafua tu, haya ya msimu. Nusu ya mtaa inayo. Amepewa vidonge."

"Picha?"

"Safi. Daktari anasema safi, kwa leo."

Wakakaa kwenye benchi wakimngoja Gunji avae koti. Kutoka ndani walimsikia akimlalamikia muuguzi kuhusu ladha ya vidonge. Fusae alinunua makopo mawili ya kahawa ya moto, akampa Sanae moja, naye akalishika kwa mikono yote miwili bila kulifungua.

"Atakohoa tena, unajua," Fusae alisema. "Mwezi ujao, mwakani."

"Najua."

"Nitakupigia."

"Nipigie, mama. Saa yoyote."

Nje theluji ilikuwa inaendelea kuanguka, na gari lilikuwa limeshafunikwa nusu. Gunji alitokea, pua nyekundu, akauliza kama kuna mtu aliyekumbuka kwamba soya imelowekwa tangu jana na itachacha. Fusae akamwambia anyamaze. Sanae akatoka kwenda kukwangua theluji kwenye kioo cha gari.